Hotuba ya Renan Juu ya Taifa

Ernest Renan alitoa hotuba yake "Taifa ni Nini?" katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, tarehe 11 Machi 1882. Ni hotuba fupi, lakini ubishi juu yake haujakoma. Msomaji hana budi kujua jambo ambalo wasikilizaji wa siku ile hawakuhitaji kuambiwa: mwaka 1871 Ujerumani iliitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na wanavyuoni wa Kijerumani wakadai kwamba watu wa huko ni wao kwa asili na kwa lugha. Renan azipima hoja hizo moja moja na kuzitupa. Waingereza na Wamarekani wana lugha moja, wala si taifa moja. Waswisi wana lugha kadhaa, nao ni taifa. Kwake taifa ni kumbukumbu zilizorithiwa, pamoja na hiari ya kuishi pamoja inayothibitishwa kila siku.

Katika kubomoa, Renan hana mshindani. Katika kujenga yuko dhaifu. Aisifu hiari, lakini hasemi neno juu ya Algeria, iliyovamiwa na Ufaransa mwaka 1830, wala juu ya Tunisia, iliyotiwa chini ya himaya yake mwaka 1881, miezi michache tu kabla ya hotuba. Mtu wa Strasbourg astahili kuulizwa; mtu wa Algiers je? Kimya hicho si kidogo, kwa kuwa hoja nzima yategemea kuulizwa.

Karibu na mwisho atabiri kwamba mataifa si ya milele, na kwamba huenda siku moja shirikisho la Ulaya likashika mahali pao. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, mtu wa asili ya Lorraine aliyezaliwa raia wa Ujerumani, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo mbili viwekwe chini ya mamlaka moja. Ajabu ni kwamba alianzia pale pale Renan alipopadharau, maana Renan alishikilia kuwa ushirika wa forodha hauwezi kupendwa kama nchi ya kuzaliwa.

Katika hilo naona hakukosea sana. Wafaransa walipoulizwa juu ya mkataba wa Maastricht, Septemba 1992, waliokubali walizidi kidogo tu asilimia 51. Tarehe 29 Mei 2005 karibu asilimia 55 waliikataa katiba ya Ulaya, ingawa aliyeongoza kazi ya kuiandika, Valéry Giscard d'Estaing, alikuwa rais wao wa zamani. Mwaka 2008 Bunge likapitisha mkataba wa Lisbon, uliobeba mengi ya yale yaliyokataliwa, na safari hii wananchi hawakupigishwa kura.