Duara la Kwanza Huwa Yai

Mashine ya CNC ambayo mtu ameiunda mwenyewe nyumbani, kwa ubao wa MDF na vyuma vya kuokoteza, haianzi kazi kwa kukata. Huanza kwa kuchora. Fundi hufunga kalamu ya kawaida mahali kitakapokaa kisu, hutandika karatasi mezani, kisha huiandikia mashine mstari mmoja tu: G2 X0 Y0 I25 J0 F300. Ameiambia ichore duara zima, upana milimita 50, polepole, irudi ilikoanzia. Mota zinaanza kuimba, daraja la ubao linaloibeba kalamu linasogea, kalamu inazunguka. Na karibu kila mara kinachobaki kwenye karatasi si duara. Ni yai.

Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kwa asiyeifahamu, CNC ni mashine ya kuchonga inayofuata namba badala ya mkono. Kisu chake kinazunguka kwa kasi, na mota tatu zinakibeba: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Wazo la kuongoza chombo kwa maandishi ni la zamani. Joseph Marie Jacquard wa Lyon alikwisha kuongoza kitanda cha kufumia kwa kadi zenye matundu mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini kuchonga chuma kwa namba kulimsubiri John Parsons, Mmarekani wa Michigan aliyekuwa akihangaika na mapanga ya helikopta, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kwanza ya aina hiyo. Ubongo wake ulikuwa makabati ya vali za elektroniki yaliyochukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Leo ubongo huo unalala kwenye kiganja. Bodi ya Arduino, iliyozaliwa mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ina kumbukumbu ya kilobaiti 32, na humo ndimo inamoenea Grbl, programu ya bure iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009. Picha moja ya simu ina uzito wa Grbl mara mia. Kitu kidogo namna hiyo kinatosha kuongoza mihimili yote mitatu ya mwendo kwa pamoja, kukokotoa mizunguko, na kupunguza mwendo kabla ya kona ili daraja lisitikisike.

Yaliyobaki ni ya useremala na ya jalalani. Mota za hatua hutolewa kwenye printa kuukuu na mashine za fotokopi. Beringi ni zile namba 608 za viatu vya magurudumu, tundu la milimita 8, ambazo hutembea juu ya pembe za alumini kama gari moshi juu ya reli. Mhimili unasukumwa na chuma cha hesi, kile kile kinachouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Na mwili wote ni MDF.

MDF haina heshima kwa seremala. Aliyezoea mbao za libuyu au mninga huigusa kwa ncha ya vidole. Haina mkondo wa nyuzi, haina harufu ya msitu, na randa haina la kufanya juu yake. Ni unyuzinyuzi wa mti uliolainishwa kwa mvuke, ukachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa moto. Lakini kwa kazi hii kasoro hiyo ndiyo sifa. Kitu kisicho na mkondo wa nyuzi hakipindi kuufuata mkondo huo. Ubao wa mkaratusi uliopasuliwa mbichi hujikunja ukikauka hata kama ulinyooka siku ya kwanza. Kipande cha MDF cha milimita 18 hutoka kiwandani kikiwa bapa, na hubaki hivyo mradi kisionje maji.

Na maji ndiyo adui wake. Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, inalijua jambo hilo kuliko miji mingi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu kwa makumi na kusomba nyumba, fanicha za ubao wa kugandamizwa hazikuwa na la kuokolewa: ubao wa namna hiyo ukivimba haurudi. Hata pasipo mafuriko, hewa ya ziwani inatosha kuuharibu taratibu. Kwa hiyo fundi mwenye akili hupaka kingo zote gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, huacha ikauke, hupiga msasa, kisha hupaka vanishi. Hafungi skrubu ubavuni bila kutoboa kwanza, maana ubao utafunguka kama kitabu. Na hakati MDF bila kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo na lina gundi ndani yake.

Turudi kwenye yai, kwa sababu lina mengi ya kusema.

Yai si kosa moja. Likiwa limelala au limesimama sawasawa na ukingo wa meza, tatizo ni hesabu. Mota ya hatua ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Chuma cha hesi cha milimita 8 husogeza nati milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Gawanya, utapata hatua 160 kwa kila milimita. Fundi akiwa ameandika namba nyingine kwenye mhimili mmoja, mashine itanyoosha dunia upande huo na kuiacha upande wa pili, na duara litavutika. Dawa yake ni rula na kalamu: iamuru isogee milimita 100, pima imesogea ngapi, sahihisha.

Yai likiwa limeegemea upande, kimshazari, namba hazina kosa. Kosa ni la pembe: daraja halikukaa mraba juu ya reli zake. Hapa waashi wa Uvira wana la kumfundisha mtu wa kompyuta. Fundi anayepima msingi wa nyumba kwa kamba hupima tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari ukitoka tano anajua kona yake iko sawa. Mjenzi wa CNC hufanya hivyo hivyo kwa milimita: 300, 400, 500. Mshazari ukisoma 502, analegeza bolti, anagonga daraja kidogo kwa kiganja, anapima tena. Kazi hiyo inaweza kula mchana mzima, na hakuna programu inayoifanya kwa niaba yake.

Kosa la tatu ndilo la kuvutia zaidi. Mchoro unakaribia kuwa duara, ila una sehemu nne zilizobonyea kidogo: juu, chini, kushoto, kulia. Ukiitazama karatasi dirishani unaziona. Hizo ni sehemu ambazo mhimili mmoja hugeuza mwendo. Kabla haujaanza kurudi, chuma cha hesi huzunguka kitambo ndani ya nati bila kuisukuma, kwa sababu kati ya meno ya chuma na meno ya nati kuna nafasi. Mafundi husema nati inacheza. Tuseme inacheza kwa milimita 0.3. Hatua moja ya mota ni milimita 0.00625, chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele, na hatua 48 za namna hiyo zinapotea hewani kila mhimili unapogeuka. Usahihi wote wa elektroniki umemezwa na nati ya bei ya andazi.

Dawa yake ni nzuri kuitazama. Fundi huweka nati mbili kwenye chuma kimoja, katikati huweka springi iliyobanwa. Nati moja inasukumwa mbele, nyingine nyuma, kila moja ikiegemea upande wake wa meno, na nafasi ya kucheza inakwisha. Anachora tena. Mabonde manne yametoweka.

Mtu aliyepita katika makosa hayo matatu ana kitu ambacho mnunuzi wa mashine ya kiwandani hana. Mashine ya kiwandani ikikosea, mwenye nayo hupiga simu. Ya huyu ikikosea, yeye hutazama umbo la kosa na kujua ni bolti ipi ya kulegeza. Haina siri kwake.

Umuhimu wa hilo unaonekana ukipanda kutoka bonde la Ruzizi kwenda Rurambo, katika milima iliyo magharibi yake. Huko kifaa kilichotengenezwa mbali kinathaminiwa kwa swali moja: kikiharibika, nani atakitengeneza? Kila kipuri hupanda mlima kwa pikipiki au mgongoni, na njia ikiwa si salama hakipandi kabisa. Mashine iliyofungwa kwa vifuniko na skrubu za pekee ingekuwa kabati la kuwekea vikombe mwaka wa pili. Iliyoundwa kwa bolti za duka la kona inaweza kuishi. Mota zake ndogo huridhika na umeme wa volti 12, ule ule wa betri za sola, ingawa kisu kinachozunguka ndicho mlaji mkubwa na hulazimisha kazi nyepesi: herufi za kibao cha shule, mhuri wa kanga, kalibu ya kusubia sahani ya alumini.

Mjini Uvira umeme hutegemea mabwawa ya mto Ruzizi, la kwanza la mwaka 1958 na la pili la mwaka 1989, nao hukatika. CNC hii haioni ilipo. Inahesabu tu hatua ilizopiga. Ukikatika umeme katikati ya kazi, hesabu inafutika, na ukirudi mashine huamini pale iliposimama ndipo mwanzo wa dunia. Ndiyo maana mjenzi hufunga swichi ndogo miishoni mwa reli ili daraja liende kuzigusa na kujua tena lilipo, na aliye makini zaidi hukwaruza alama ya msalaba kwenye kona ya kila ubao kabla ya kuanza. Msalaba huo mdogo umeokoa mbao nyingi.

Kivu, eneo ambamo Uvira imo, ina utamaduni wa mashine za mbao zisizo na siri. Kaskazini, Goma, chukudu, skuta kubwa ya mbao ya kusukuma, limebeba viazi, makaa na mbao kwa miongo mingi: mwili wa mkaratusi, magurudumu ya mti yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu. Likivunjika njiani, hutengenezwa njiani. Mji uliona kwamba chombo hicho kinastahili sanamu, na tangu 2009 msukuma chukudu wa rangi ya dhahabu anasimama kwenye mzunguko wa barabara. Ziwa Tanganyika nalo lina ushahidi wake wa mashine isiyo na siri kwa mafundi wake. Meli ambayo leo inaitwa Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa katika masanduku 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mafundi wake walipoamriwa waizamishe, waliipaka injini grisi kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ile ilipakwa na watu walioijua injini yao kiungo kwa kiungo, wakaipenda hata wakiwa wanaizika.

Mahali pengine Afrika roho hiyo imekwisha kufika kwenye mashine za namba. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliunda printa ya 3D kwa mabaki ya printa na skana zilizotupwa. Nairobi, Roy Ombatti alianza kwa kutafuta namna ya kuwatengenezea viatu watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza, kisha kampuni yake ya AB3D ikageukia kuunda printa zenyewe, kwa vifaa vinavyopatikana hapo hapo na taka za elektroniki. Printa ya 3D na CNC ni ndugu: mmoja huongeza, mwingine hupunguza, mifupa ni ile ile. Na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, aliyeanzisha mradi wa RepRap wa printa za 3D mwaka 2005, alilenga mbali zaidi: mashine itengeneze viungo vya mwanawe. Mwaka 2008 ilifanya hivyo.

CNC ya MDF inaweza kazi hiyo pia, na kwa ubao wa huku. Misimu miwili ya mvua ikipita, vanishi hupasuka kwenye kona, na mbavu za daraja huanza kunenepa. Kabla hazijaachia, fundi hutafuta ubao wa libuyu uliokauka vizuri, huufunga mezani, na kuifanya mashine ikate mbavu zake mpya, matundu ya beringi yakiwa mahali pake. Anaifungua ya zamani usiku mmoja na kuisimamisha upya kwa mbao hizo nzito za rangi ya kahawia. Kisha anafunga kalamu. Duara la Julai, kiangazi kikiwa kikavu, linatoka zuri. Novemba analichora tena, hewa ikiwa imejaa maji, na ubao wa kweli una mkondo wa nyuzi, na umevimba kuukata mkondo huo. Anaipeleka karatasi dirishani, anaigeuza polepole, akitafuta limeegemea wapi.