SAINI BILA KURIDHIA: KUJIKOSOA JUU YA MKATABA WA KUPIGA MARUFUKU SILAHA ZA NYUKLIA

Tarehe 26 Septemba 2019 Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Mkataba huo ulikuwa umepitishwa katika Umoja wa Mataifa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, huku madola yote yenye silaha hizo yakiususia mkutano. Saini yetu ilikuwa kauli ya kisiasa, haikutufanya wanachama. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba imeweka kazi ya kuridhia mikataba mikononi mwa Bunge. Hadi mwisho wa mwaka 2024, wakati nchi 73 zilipokuwa zimekwisha kujifunga, Tanzania haikuwamo.

Hatuandiki haya kumlaumu waziri wala wizara. Tunachokosoa ni tabia ya kudhani kwamba msimamo ukishatamkwa jukwaani kazi imekwisha. Tabia hiyo imetuingia hata sisi wakufunzi wa siasa, na hapana budi tuanze na sisi wenyewe.

Kwa miaka mingi tumefundisha wito wa tarehe 22 Mei 1984. Siku hiyo Mwalimu Nyerere, pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Raúl Alfonsín wa Argentina na Andreas Papandreou wa Ugiriki, waliyataka madola ya nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha hizo. Tumeufundisha kama tarehe ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hatukuwaambia wanafunzi yaliyozipata nchi sita hizo baadaye. India, ambayo ilikuwa imekwisha kulipua mwaka 1974, ililipua tena mwaka 1998 na kujitangaza kuwa dola la nyuklia. Ugiriki imebaki ndani ya NATO. Sweden ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2017, ikakataa kutia saini, na Machi 2024 ikaingia NATO. Argentina nayo ilipiga kura ya ndiyo, lakini miaka saba baadaye ilikuwa bado haijatia saini. Ni Meksiko tu iliyoridhia, Januari 2018. Tanzania imesimama njiani. Mwanafunzi akituuliza sababu, nasi tukamjibu kwa kutaja mwaka 1984, hilo si jibu, ni kujificha nyuma ya marehemu.

Wako wanaosema jambo hili ni ugomvi wa wakubwa. Hoja hiyo ni ya uvivu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi uliozaa bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Waafrika chini ya ukoloni wa Ubelgiji. Bomu la kwanza la Ufaransa lililipuliwa Reggane, katika ardhi ya Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Kongo ya Kinshasa iliridhia Septemba 2022. Malawi na Komoro, nchi zenye uwezo mdogo kuliko wetu, nazo zimeridhia.

Wengine husema Mkataba wa Pelindaba unatosha. Ni kweli Tanzania ni mwanachama, na mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2009. Lakini Pelindaba unaisafisha Afrika. Haukukusudiwa kuziharamisha silaha za wengine duniani kote.

Ukinzani wenyewe uko Namtumbo. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous katika Urithi wa Dunia ulirekebishwa ili kupisha mgodi wa urani wa Mto Mkuju, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa huko. Mwekezaji ni tanzu ya Rosatom, shirika la dola la Urusi, ambalo pia lina dhamana ya viwanda vya silaha za nyuklia vya nchi hiyo. Iwapo yuko anayehofu kwamba kuridhia kutaufunga mgodi, na aangalie Kazakhstan, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa urani duniani, iliyoridhia Agosti 2019, na Namibia iliyoridhia Machi 2020. Migodi yao inafanya kazi. Mkataba haukatazi uchimbaji wala matumizi ya amani. Unakataza kumsaidia yeyote kutengeneza silaha hizo, na hapo ndipo nchi yenye urani inapolazimika kujua mali yake inafika wapi.

Katika kozi moja mwanafunzi wetu kutoka Ruvuma alisimama akauliza: "Ndugu mkufunzi, mchanga wetu ukishapakiwa melini, sisi tutajuaje kama umekwenda kuwasha taa au kuua watu?" Tulimwahidi kwamba tutaulizia ofisi inayohusika ni lini azimio la kuridhia litapelekwa Bungeni. Tumeuliza mara mbili. Kozi ile imekwisha, yeye amerudi kwao, na barua ya kumjibu hatujaiandika.