Urembo na Ufukara katika Filamu ya "Les Amants du Pont-Neuf"

Swali la "onyesha jinsi fani inavyofanikisha maudhui" limezoeleka mno madarasani. Filamu ya Kifaransa Les Amants du Pont-Neuf (1991), yake mwelekezi Leos Carax, inatudai swali gumu zaidi: je, fani yaweza kuyasaliti maudhui?

Alex (Denis Lavant) ni kijana asiye na makao ambaye hujipatia riziki kwa kutema moto mbele ya wapita njia. Michèle (Juliette Binoche) ni mchoraji aliyeachana na mpenziwe. Sasa analala nje huku macho yakimfifia. Wanakutana kwenye Pont-Neuf, daraja kongwe zaidi jijini Paris, likiwa limefungwa kwa ukarabati.

Mwanzoni hakuna pambo. Basi linawazoa mafukara usiku na kuwapeleka kwenye makao ya Nanterre, nasi tunaiona miili yao iliyochakaa. Kisha mambo yanabadilika. Katika sherehe za mwaka 1989 za kuadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa, fataki zinalipuka angani, wapenzi wanacheza kama wendawazimu darajani, na Michèle anateleza juu ya mto Seine akivutwa na mashua.

Mhakiki anaweza kulalamika kwamba ufukara umerembwa. Isitoshe, daraja tunaloliona katika sehemu kubwa ya filamu ni la bandia, lililojengwa Lansargues, kusini mwa Ufaransa, kwa gharama kubwa mno. Ni kinaya kutumia fedha nyingi hivyo kuwaigiza watu wasio na paa. Mwalimu anayewapita chokoraa kila asubuhi akienda shuleni hawezi kuipuuza lawama hii.

Hata hivyo, tujiulize: urembo huu unaonekana kwa macho ya nani? Michèle anakaribia kupofuka. Hans, mzee wa darajani aliyewahi kuwa mlinzi, anamwingiza usiku katika jumba la makumbusho na kumbeba mabegani ili autazame mchoro wa Rembrandt kwa mwanga wa mshumaa. Kwake mwanga ni akiba inayokwisha. Fataki nazo tunapaswa kuzisoma hivyo.

Tena moto una upande wa pili. Jamaa za Michèle wanapobandika matangazo kwamba ugonjwa wake sasa unatibika, Alex anayachoma, na mbandikaji anakufa kwa moto huo. Alex anajua kwamba Michèle akipona ataondoka. Hapa filamu inafichua ukweli mchungu: penzi lililoota katika dhiki laweza kutamani dhiki hiyo idumu. Mwelekezi hajamfanya maskini kuwa malaika, na kwa hilo amemheshimu.

Udhaifu uko mwishoni. Baada ya kifungo cha Alex, wapenzi wanakutana tena darajani wakati wa Krismasi, wanaanguka mtoni na kuchukuliwa na mashua ya mizigo iendayo Le Havre. Mbandikaji aliyekufa amesahauliwa, na la makao halikujibiwa. Hapo fani imeyasaliti maudhui kweli.

Basi mwalimu, unapofundisha kazi yoyote inayosawiri ufukara kwa ufundi wa kuvutia, usiridhike na orodha ya tamathali. Waulize wanafunzi urembo huo unamfaa nani, na ni nani aliyeachwa nje ya picha.