Jina la "Cheche" na Marufuku ya 1970

Gazeti la Cheche lilianzishwa na wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1969. Novemba 1970 likapigwa marufuku, pamoja na USARF, chama kilichokuwa kikilitoa kwa ushirika na vijana wa TANU. Kisa hicho chasimuliwa katika kitabu alichokihariri Karim F. Hirji, mmojawapo wa wahariri wa gazeti lenyewe, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010. Yafaa kisomwe na watu wa lugha pia, wala si wanasiasa peke yao.

Sababu iliyotolewa yastaajabisha. Jina, ilidaiwa, laashiria ujamaa wa Kirusi, na Tanzania ina ujamaa wake. Ni kweli kwamba Lenin alikuwa na gazeti lenye jina la maana hiyo hiyo, Iskra, tangu 1900, nao wanafunzi walilijua. Lakini cheche ni neno la jikoni. Mwenye kupuliza makaa huijua cheche kwa kuungua kidole, asimjue Lenin ni nani. Neno la Kiswahili, basi, lilifanywa geni ili wasemaji wake wanyamazishwe. Ama makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kimya ya matabaka, iliyotoka katika toleo la pekee la Septemba 1970, wasomi waliijadili kwa kalamu, na hoja zao zikachapwa pamoja nayo kitabuni mwaka 1973. Huko ndiko kujibu.

Hata hivyo sifa zisizidi kiasi. Gazeti lenye jina la Kiswahili liliandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa Kiingereza. Mkulima aliyetetewa humo hakuweza kulisoma, sembuse kulipinga. Wala vijana hao hawakuwa wavumilivu siku zote. Mwaka 1968 wenzao waliandaa matembezi ya kuchangisha fedha, wakiwa wamevaa matambara. Wana-USARF waliona hiyo ni dhihaka kwa maskini, na pengine walikuwa na haki kuona hivyo. Lakini hawakuishia katika kusema, bali walitoa upepo katika matairi ya magari, matembezi yakavunjika. Waliozimwa mwaka 1970 walikuwa wamekwisha kuwazima wengine.

Januari 1971 vijana wa TANU wakatoa gazeti jingine, Maji Maji. Jina hilo la vita vya 1905 halikushtakiwa, ingawa baadhi ya waandishi walikuwa wale wale.