Nani Aende, Nani Abaki

Mshindi wa mbio za baiskeli tunamwona Julai, akiwa na shada mkononi. Jedwali lililomfikisha hapo liliandikwa Desemba, wakati bado anahangaika kupunguza kilo za likizo. Mwezi huo timu nyingi za kulipwa hupiga kambi pwani ya mashariki ya Hispania, upande wa Calpe, ambako baridi haiumi sana. Asubuhi vijana huendesha. Jioni huitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha hoteli, mbele ya mkurugenzi wa michezo na kocha, na kuonyeshwa mwaka wao wote umepangwa wiki kwa wiki. Hapo ndipo mtu hujua kama Julai atakuwa Ufaransa kwenye Tour de France au atakuwa sebuleni kwake akitazama wenzake kwenye televisheni.

Kazi hiyo ya kupanga haina jukwaa wala medali, nami naiheshimu kuliko mashambulizi mengi ya milimani yanayoimbwa na watangazaji.

Hesabu yake ni ngumu. Timu ya daraja la juu, WorldTour, haiendi tu inakopenda. Ikishapata leseni inawajibika kupeleka kikosi karibu katika kila shindano la daraja hilo, na mwaka 2024 yalikuwa 35, kuanzia Australia mwezi Januari hadi China mwezi Oktoba. Waendeshaji wenyewe hawazidi sana 30. Sasa ingia Machi. Strade Bianche huishia Siena siku ya Jumamosi, na kesho yake Paris–Nice huanza karibu na Paris, kwa hiyo basi moja la timu halitoshi, wala kundi moja la mafundi, wachua misuli na wapishi. Siku moja baadaye Tirreno–Adriatico nayo huanza kuikata Italia kutoka bahari hadi bahari. Paris–Nice inataka watu 7, Tirreno inataka 7. Toa wenye mafua, maana huo ni msimu wa mafua. Toa aliyevunjika mtulinga Februari. Toa waliopanda Teide, kisiwani Tenerife, kulala zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ili miili yao iongeze chembe nyekundu za damu. Waliobaki ndio wa kuwapigia simu usiku.

Na hao waliobaki si sawa. Mwenye kasi ya mita 200 za mwisho hana kazi kwenye milima ya Basque, na mpanda milima wa kilo 58 atatupwa huku na huku na barabara za mawe za Roubaix. Mwili nao haukai kileleni mwaka mzima. Huweza kufikishwa huko mara mbili au tatu, kisha lazima uachwe ushuke. Mpangaji hodari namtambua kwa wiki alizoziacha tupu, na kwa ujasiri wa kuzilinda tajiri anayelipa mishahara anapouliza kwa nini nyota wake hayupo barabarani.

Kuna miaka kanuni zenyewe ziliharibu ufundi huu. Kati ya 2020 na 2022 timu zilikuwa zikipambana kwa pointi ili zisishushwe daraja, na mizani ya pointi ilikuwa ya ajabu. Kushinda hatua moja ya Tour de France kulileta 120. Kushinda shindano dogo la siku moja, la aina ambayo hata gazeti la mkoa huliandika kwa mistari michache, kulileta 125. Basi timu zilizokuwa hatarini zikapeleka watu wao bora kwenye vimashindano vya namna hiyo, na sioni wa kuwalaumu. Lotto Soudal na Israel–Premier Tech zilishuka hata hivyo. Kuanzia 2023 hatua ya Tour ikapandishwa hadi 210, na wapangaji wakapumua.

Mwaka huohuo wa 2023 timu ya Jumbo-Visma ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa: ilishinda mashindano yote matatu ya wiki tatu, kila moja kwa mtu wake. Primož Roglič alipewa Giro ya Italia, na Julai hakuonekana Ufaransa. Jonas Vingegaard alipewa Tour, na Mei hakuonekana Italia. Wakubwa wawili wa timu moja walizuiwa kugongana kwa miezi minane, na kalenda ndiyo iliyofanya usuluhishi huo. Katikati yao alikuwepo Sepp Kuss, Mmarekani mpole aliyemvuta Roglič Mei na kumvuta Vingegaard Julai, kisha akapelekwa Vuelta ya Hispania pamoja na wote wawili. Mpangaji makini angesema hatua 63 ni nyingi mno kwa msaidizi. Lakini ni Kuss aliyeshinda Vuelta, wakubwa wake wakimfuata nafasi ya pili na ya tatu.

Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ilionja upande wa pili. Nyota wake mwingine, Wout van Aert, alinyimwa shindano la Milano–Sanremo ili afanye mazoezi Teide na kufika kwenye mashindano ya Flanders na Roubaix akiwa na nguvu zote. Machi 27, siku nne kabla ya Flanders, alianguka katika shindano la maandalizi, akavunjika mtulinga na mbavu. Giro aliyokuwa akiandaliwa kwenda ikapotea. Wiki moja baadaye Vingegaard naye akaanguka katika mashindano ya Basque, akavunjika mbavu, pafu likatoboka. Jedwali lote likabidi liandikwe upya Aprili, na bado Vingegaard alimaliza Tour wa pili. Mimi nafasi hiyo ya pili naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za upangaji, ingawa hakuna anayetoa kombe kwa hilo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Biniam Girmay wa Eritrea. Machi 2022 alikuwa na miaka 21, akiendeshea timu ndogo ya Ubelgiji, Intermarché, na alikuwa amekaa Ulaya muda mrefu mbali na mkewe na binti yao mchanga waliokuwa Asmara. Shindano la Gent–Wevelgem halikuwa kwenye mpango wake. Machi 25 aliendesha E3, shindano gumu la mawe na vilima, akamaliza wa tano. Viongozi wa timu yake waliona siku ile kijana huyu hachoki, wakakubaliana naye abaki kidogo. Siku mbili baadaye alishinda Gent–Wevelgem, Mwafrika wa kwanza kushinda moja ya mashindano makubwa ya mawe.

Kufuta mpango mtu akiwa na moto miguuni si kazi kubwa. Lililonivutia ni lililofuata. Mashindano ya Flanders, ambayo Wabelgiji huyachukulia kama sikukuu ya taifa, yalikuwa Jumapili iliyofuata. Waandishi wote walimuuliza. Wadhamini bila shaka walikuwa na hamu. Girmay alijibu kwamba anarudi nyumbani kuiona familia yake kama ilivyopangwa, na timu yake haikumkatalia. Timu ndogo, yenye mshindi mpya mkononi, ilimwachia apande ndege.

Flanders ilifanyika Aprili 3 bila yeye, na Mathieu van der Poel wa Uholanzi akashinda. Mei 17, katika hatua ya 10 ya Giro, barabara ya kupanda kuingia Jesi ilibakiza watu wawili bega kwa bega, Girmay na van der Poel. Mholanzi alikata tamaa kabla ya mstari na kumwinulia dole gumba. Jukwaani Girmay akafungua chupa ya mvinyo ya kusherehekea, kizibo kikamruka na kumpiga jichoni, na kesho yake hakuanza. Katika jedwali lote la Desemba, hilo hakuna aliyelitengea nafasi.