Taa za Simba na Povu la Kopo: Kipi Kizikwe, Kipi Kibaki Nje

Mwaka 2013 Richard Turere, kijana wa Kimasai kutoka Kitengela, Kenya, alisimama kwenye jukwaa la TED akaeleza alivyowalinda ng'ombe wa baba yake. Alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, flasha ya indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa ziliwaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anapita na tochi.

Mfugaji wa Serengeti, Tanzania, anayepakana na hifadhi ana adui huyohuyo, na vifaa hivyo si vigeni Mugumu wala Tarime mjini. Kinachomsumbua fundi ni mwili wa taa: kitu cha kushika balbu na kuzuia mvua.

Povu la kopo, lile mafundi wa alumini wanalozibia nafasi kati ya fremu na ukuta, linafaa. Ni poliyurethani, na hukauka kwa unyevu wa hewani. Gesi ya kaboni dioksaidi inayotokea humo huliumua kama unga wa maandazi. Hapo ndipo wengi huharibu. Wakijaza kasha kwa mkupuo, ganda la nje hukauka na kuufungia unyevu njia, ndani pakabaki pabichi. Siku chache baadaye povu huumuka tena na kupasua kasha. Puliza tabaka la sentimita 2 au 3, nyunyizia maji kidogo, subiri likauke, ndipo uongeze. Ndani ya kasha hilo, ambalo ni kalibu tu, tandika nailoni ya ujenzi, kwa kuwa povu haling'ang'anii hapo. Likikauka, lichonge kwa msumeno kisha ulipake rangi, maana jua hulifanya la njano na kulimomonyoa.

Lakini povu hufungia joto, huwaka, na moshi wake ni sumu. Balbu ndogo za LED na maungio ya nyaya yazikwe humo. Betri hutoa gesi inayolipuka, nayo flasha hupata moto na huharibika; hivyo viwili vikae kwenye kasha lenye mfuniko na matundu ya hewa, fyuzi ikiwa karibu na betri. Unapopuliza, vaa glavu, fungua madirisha, weka moto mbali.

Flasha ikifa usiku wa manane, aliyeizika kwenye povu atatafuta msumeno. Aliyeiweka chini ya mfuniko ataibadilisha kabla simba hajafika zizini.