Magofu ya Tongoni: Jengo Linapotakiwa Kusimulia



Imeenea miongoni mwa wasanifu wa majengo rai ya kwamba jengo libuniwe kutokana na kumbukumbu, maandishi na masimulizi ya watu wa mahali, kiasi kwamba anayeingia ndani yake awe kama aliyefungua kitabu. Si rai mpya. Mfaransa Victor Hugo, katika riwaya yake ya mwaka 1831 juu ya kanisa kuu la Paris, alidai kuwa kabla ya kuvumbuliwa upigaji chapa, majengo ndiyo yaliyokuwa vitabu vya wanadamu. Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Paris kuipima rai hiyo. Tunayo Tongoni.

Tongoni ipo kusini ya mji wa Tanga, mwendo usiofika kilomita 20, upande wa njia ya Pangani. Hapo pana gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengi yakihesabiwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Baadhi yake yalisimamishiwa nguzo ndefu na kupambwa kwa vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Leo nguzo nyingi zimeanguka, na vyombo vimeng'olewa yakabaki matundu.

Tutazame basi kitabu hiki kinasomekaje. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika habari za kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa katika kaburi moja, nacho hakipo tena mahali pake. Kinyume chake, merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael, iliyopanda mwamba karibu na hapo mwaka 1498 na kuchomwa moto na wenyewe mwaka 1499, twaijua jina lake na mwisho wake, kwa kuwa mabaharia wake waliandika. Mbao za wageni zina tarehe. Na waliolala chini ya nguzo za mawe, nguzo zao hazitutajii jina hata moja.

Hapa ndipo mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanapotangulia maneno ya wasanifu. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.) katazo la kuyapaka makaburi chokaa, kuyakalia na kuyajengea, na katika mapokezi ya Tirmidhi limeongezwa katazo la kuyaandika. Hata hivyo kumbukumbu yenyewe haikukatazwa: katika Abu Daud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alitambue na kuwazika hapo jamaa zake. Jiwe moja, tena alilibeba mwenyewe.

Juu ya maandishi wanavyuoni wamevutana. Al-Hakim alisema kuwa ijapokuwa mapokezi ni sahihi, matendo ya Waislamu hayakwenda hivyo, kwani maimamu wa mashariki na magharibi wameandikwa makaburini mwao. Adh-Dhahabi akamjibu kuwa hoja hiyo haina faida, maana hajulikani Sahaba aliyefanya hivyo. Nasi twaona jibu la adh-Dhahabi lina nguvu zaidi. Lakini hata anayeshika kauli ya al-Hakim atapata ruhusa ya jina tu, hapati ruhusa ya nguzo. Wallahu aalam.

Hatusemi Tongoni ivunjwe. Tunajua baadhi ya ndugu watatuletea hadithi ya Ali (r.a.) ya kuyasawazisha makaburi yaliyoinuliwa, na ni hadithi sahihi. Ila gofu hilo limo chini ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na kuliendea kwa sururu kutaleta fitina na kuvunja heshima ya maiti. Tunachokikataa ni kuiga: mtu achukue umbo la nguzo ile, aliweke kwenye makaburi mapya au mlangoni pa msikiti, kisha aseme amehuisha urithi. Amehuisha kile hasa kilichoshindwa kazi yake.

Mfano bora uko ng'ambo ya bahari, Kizimkazi Unguja. Humo msikitini, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, na maandishi yakabakishwa, kwa sababu watu hawakuacha kuswali pale. Kumbukumbu imelindwa na safu za waja, ukuta umesaidia tu. Nasi hatufichi kasoro: maandishi mbele ya macho ya mwenye kuswali yana shaka. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alishughulishwa katika sala na mapambo ya nguo, akairudisha kwa Abu Jahm. Tungeshauri jina la aliyetoa wakfu na tarehe viwekwe barazani, penye kisima au birika, ambapo mtu huketi na kusoma bila kuharibu khushui yake.

Tanga yenyewe imehifadhiwa zaidi na kalamu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi katika Mrima, na Sheikh Ali bin Hemedi wa nyumba hiyo hiyo akaacha vitabu vya Kiswahili juu ya mirathi na nikahi ambavyo wanafunzi walivisoma vizazi baada yake. Msanifu anayetaka msikiti wenye kumbukumbu na aanzie hapo: chumba kikavu cha vitabu vya mkono, kisichofikiwa na mchwa wala upepo wa chumvi, na baraza pana ya darsa yenye kivuli cha alasiri. Katika michoro ya misikiti mipya tunayoonyeshwa, kuba imepimwa vizuri na minara ni miwili, lakini chumba cha vitabu ni stoo ya mazulia.

Na kamati inayokusudia kuvunja msikiti wa zamani ili ijenge wa ghorofa, kabla ya fundi kupandisha nyundo, imwite mzee aliyesomea juzuu hapo, akae na kijana mwenye daftari siku mbili tatu: nani alitoa kiwanja, nani alichimba kisima, nani alisomesha na kitabu gani. Mzee huyo mara nyingi bado yupo, safu ya kwanza, upande wa kulia.